Fowadi Asiyepiga

Chuo cha Walimu, Mtsengoni
11 Februari 1946

Shemeji yangu Gona,

Nakuamkia wewe na dada yangu Dhahabu, na natumaini kikohozi chake kimepungua. Huku mlimani hatujambo. Wanafunzi wamerudi wote isipokuwa wawili walioamua kuoa.

Nimesikia kwamba timu yenu ya karakana ya Changamwe itachukua kijana mmoja tu mwaka huu, maana askari wanarudi kutoka vitani na kazi ni chache. Nimesikia pia kwamba wewe ungali mmoja wa wanaochagua. Ndiyo sababu naandika.

Ninaye kijana hapa, Nguma wa Kaviha. Baba yake amefariki, mama analima mashamba ya watu. Mtihani wa ualimu umemshinda mara mbili, na mwezi wa tano chuo kitamrudisha kwao mikono mitupu. Lakini mpira, shemeji, mpira anaujua. Hukimbia nao kama umefungwa kwa uzi kwenye kidole chake cha mguu. Anajua mwenzake yuko wapi hata akiwa amempa mgongo. Mkimchukua atapata kazi ya karakana, na mama yake atapumzisha jembe. Msipomchukua, sijui mtu mwingine wa kumwandikia.

Tarehe mbili Machi tunateremka kucheza na makarani wa hapo Changamwe. Mtazame kwa macho yako. Sitasema zaidi, usije ukadhani nakushika mkono.

Ni mimi shemeji yako,
Chengo


Mikindani
5 Machi 1946

Mwalimu Chengo, shemeji yangu,

Kikohozi cha dada yako kimekwisha. Sasa analalamika goti, nami nashukuru, maana goti halininyimi usingizi.

Nilimtazama kijana wako tangu mwanzo hadi mwisho. Nilikaa upande wa kusini na Odhiambo, nahodha wetu, yule fundi wa vyuma kutoka Kisumu. Yote uliyoandika ni kweli. Mara ya kwanza alipowapita makarani watatu, Odhiambo alisimama akavua kofia. Nikafurahi kana kwamba nimefanya mimi.

Lakini shemeji, mbona hukuniambia habari ya pili? Nilihesabu. Alifika mbele ya goli mara kumi na nne. Alipiga mara tatu tu, na mara zote tatu golikipa aliuokota mpira kama mtu anayeokota embe. Mara nyingine zote alisita, akatafuta mwenzake wa kumpa. Odhiambo akavaa kofia yake tena. Akaniambia, "Mzee Gona, huyu kijana anapiga mpira kama anambembeleza mtoto alale. Sisi tunatafuta fowadi, hatutafuti yaya!" Watu wakacheka, nami nikacheka kidogo, kwa adabu.

Kwa hiyo nakuuliza kama mmoja wa wanaochagua, si kama shemeji. Je, ana ugonjwa wa mguu? Au ni mwoga wa golikipa? Mguu dhaifu unaweza kupata nguvu. Woga sijui.

Kwa kuwa lori lenu lilichelewa, alikuja kula kwetu. Dhahabu alimpakulia wali, naye akauliza kwa haya kama kuna ukoko. Dhahabu akageuka haraka kukwangua sufuria. Alikwangua muda mrefu kuliko ukoko uliokuwamo. Unajua nani alikuwa akiomba ukoko katika nyumba hii.

Ila hilo halihusu mpira. Nijibu hilo la mguu.

Wako,
Gona


Mtsengoni
12 Machi 1946

Shemeji Gona,

Mguu wa Nguma hauna ugonjwa. Woga pia hana. Mwaka jana aliingia kisimani kumtoa mbuzi wa mpishi.

Nadhani ni viatu. Mliwapa viatu vya kuazima, na hapa vijana wote hucheza miguu mitupu. Tafadhali mjaribu tena bila viatu. Pia ni kijana mwenye adabu, huenda aliona haya kuwafunga goli wenyeji waliompokea.

Hayo ndiyo majibu yangu. Usiniulize zaidi kuhusu kupiga kwake, nakuomba. Mtazameni alivyo.

Nimefurahi kusikia habari ya ukoko. Nilikaa na barua yako kwa muda.

Chengo


Mikindani
26 Machi 1946

Shemeji,

Tulimwita tena Jumamosi, peke yake, akacheza bila viatu kama ulivyotaka. Aliupiga uleule mpira wa kubembeleza.

Safari hii nilishuka uwanjani mwenyewe. Nikauweka mpira hatua kumi na mbili kutoka golini, golikipa nikamwondoa, nikamwambia, "Nguma, piga. Hakuna mtu." Alirudi nyuma, akaja mbio vizuri sana, na alipoufikia akainua macho. Hakutazama goli. Alitazama nyuma ya goli, mbali, kama mtu aliyesikia jina lake. Kisha akaugusa tu. Mpira ukatambaa ukaingia.

Nikamwuliza, "Unatazama nini huko?"

"Naangalia utakapoangukia, baba."

"Uangukie popote! Kuna nini huko?"

Akatazama chini. "Hapa hakuna kitu," akasema.

Sasa nikupe mizani yetu ilivyo. Tunaye mtu mwingine, Kamau, dereva aliyerudi kutoka vitani Bama. Ana miaka thelathini na moja. Akipiga, golikipa hujipisha mwenyewe. Lakini ana chuma gotini, na nusu saa ikipita anapumua kama mvukuto. Sikumwuliza kitu kuhusu Bama. Siku moja nilimkaribia nikitaka kumwuliza, nikaishia kumwuliza saa.

Odhiambo anasema bora nusu saa ya bunduki kuliko saa nzima ya maua. Bwana mkubwa wa karakana hajui mpira, atafuata neno letu. Sauti yangu ndiyo iliyobaki. Siku ya kuamua ni Jumamosi baada ya Pasaka, tarehe ishirini na saba Aprili.

Na hapa nikuambie jambo ambalo sikutaka kuliandika. Dada yako amefagia chumba cha Katana. Miezi ishirini tangu simu ya jeshi ije na habari ya Bama hatukuingia humo ila kutoa panya. Ameosha dirisha. Alama za ndimu ukutani ameziacha, zile za mwanetu alipokuwa akipiga ndimu badala ya mpira, mpaka mama yake akakosa za kutia kwenye samaki. Kila nikirudi kazini ananiuliza, "Yule kijana amepata?" Naogopa, shemeji. Naogopa nitamchagua kwa ajili ya ufagio wa Dhahabu. Au nitamwacha kwa kuuogopa ufagio huohuo, naye arudi kwao mikono mitupu kwa kosa ambalo si lake.

Nipe sababu ya haki. Kuna kitu unakijua. Mimi nimekuoza, hapana, wewe ndiye uliyenioza dada yako. Tazama, hata kuandika nimechanganyikiwa. Niambie.

Gona


Mtsengoni
2 Aprili 1946

Shemeji Gona,

Nimeanza barua hii mara nne. Mtakaponichukia baada ya kuisoma, nichukieni mimi, msimchukie Nguma.

Nyuma ya goli letu la chini kuna ua wa michongoma, na baada yake mteremko hadi kijitoni. Mpira ukipita goli, ama unatobolewa na miiba ama unakwenda na maji. Zamani hatukujali sana, tulishona tukaendelea. Lakini tangu Agosti ya mwaka arubaini na nne niliweka sheria. Hakuna kupiga kwa nguvu kuelekea chini. Atakayeupeleka mpira michongomani hachezi majuma matatu. Nguma alikuwa mwanafunzi mpya mwaka ule, na alikuwa na shuti la kutisha. Alikaa nje majuma matatu, halafu matatu mengine. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kujifunza. Mguu wake sikuuharibu siku moja. Niliuharibu jioni baada ya jioni, mimi nikiwa na filimbi mdomoni.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu ule mpira aliuleta Katana.

Mnakumbuka kabla jeshi lake halijapanda meli, aliwaandikia kwamba hakupewa ruhusa ya kuja kuaga. Alipewa, shemeji. Alipewa siku moja. Akapanda lori la mbao akaja huku kwangu, na mpira mpya kwenye mfuko wa magunia. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Mjinga we, mama yako anakungoja Mikindani, nawe umenifuata mimi mjomba?" Akaniambia, "Mjomba, nikienda Mikindani sitaondoka. Mama atanishika, nami sitaweza kujitoa." Akaniapisha nisiseme. Tukala, akacheza na vijana mpaka lori likapiga honi. Alipokuwa anapanda alisema, "Wape wapige." Maneno hayo tu.

Nilipopata habari ya kifo chake sikuweza kuona mpira ule ukitobolewa. Nimeupaka samli kila Jumamosi. Umeshonwa mahali pamoja tu. Na kwenu sikusema, kwanza kwa kiapo, kisha kwa hofu. Niliogopa Dhahabu atajua siku ile ilikwenda kwa nani. Tena niliogopa, na hili ndilo la aibu, kwamba mtaniomba mpira.

Basi sababu ya haki ndiyo hiyo. Kijana si mwoga wala mguu wake si dhaifu. Alimtii mwalimu wake.

Chengo


Mikindani
8 Aprili 1946

Chengo,

Siku ya kwanza sikutaka kukujibu. Siku ya pili nilitaka kupanda lori nije nikujibu kwa mkono. Leo naandika.

Unajua dada yako hasomi. Ningaliweza kuruka maneno. Nilikaa naye kibarazani akichambua mchele, nikamsomea yote. Nilipofika pale pa ruhusa ya siku moja, mkono wake ulisimama kwenye ungo. Akasema, "Nilimchinjia jogoo. Nyama niliiweka siku mbili, nikisikia gari natoka barabarani. Kumbe alikuwa kwa Chengo."

Nikaanza kuikunja barua.

Akasema, "Soma tena pale aliposema."

Nikasoma tena. Mama atanishika, nami sitaweza kujitoa. Akaniambia nisome tena. Nilisoma mara tatu, na mara ya tatu alikuwa akiyasema pamoja nami. Kisha akarudi kwenye mchele wake. Baadaye sana akasema, kama anayejisemea, "Kweli, ningalimshika. Nilikuwa nimekwisha kupanga. Ningalimficha kwa dada yangu Kahaso kule Junda, askari wangalikuja wangalinikuta mimi tu." Miaka mitatu nimeishi naye baada ya hapo, Chengo, na sikujua kwamba alikuwa na mpango.

Nilimwuliza kama anataka tuletewe mpira. Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Wa nini? Niuweke wapi, kabatini? Chengo ni mjomba mzuri lakini si mwerevu. Mtoto alimwambia wape wapige, naye akawapa waushike."

Hayo ni yake. Yangu ni haya. Nimekasirika nawe na nitaendelea kukasirika kidogo, mpaka mvua za masika ziishe hivi. Lakini najua mimi nilifunga chumba, wewe ukapaka samli. Hatukupishana sana.

Una siku kumi na tisa. Futa sheria yako.

Gona


Mtsengoni
20 Aprili 1946

Kwa Mzee Gona na Mama,

Shikamooni. Mwalimu Chengo ameniambia niandike mwenyewe, maana yeye anasema kalamu yake imechoka.

Juma lililopita alitukusanya uwanjani akatuambia mpira ni wa nani. Hatukujua. Sisi tulidhani ni ubahili tu, na mtanisamehe, tulimpa jina, tukimwita Bwana Polepole. Aliposema habari za marehemu hakuna aliyecheka. Kisha akauweka mpira chini, akasema, "Nguma, piga kuelekea chini." Nilishindwa. Nilipiga kama zamani. Akasema tena, nikashindwa tena. Siku mbili nilishindwa, hata wenzangu wakaona haya kunitazama.

Siku ya tatu Mwalimu alikwenda akasimama mwenyewe nyuma ya goli, mbele ya michongoma, na shati lake jeupe la kanisani. Akapaza sauti, "Nipige mimi!" Nikampiga, wazee wangu. Nilimpiga tumboni, akakaa chini, akacheka mpaka akatokwa na machozi, au alilia kwanza halafu akacheka. Baada ya hapo nilipiga mpaka jua likazama.

Jumatano mpira ulipasuka. Haukupasuka kwa mwiba, ulipasuka penye mshono wakati nilipogonga mwamba wa goli. Nilimpelekea Mwalimu kwa mikono miwili. Aliupokea, akaubonyeza, akasema, "Umefanya kazi." Sasa tunapiga wa matambara. Ni mzito, lakini mguu unajifunza.

Mama, ukoko wako nilikula nikijua kwamba mnanitazama. Sikuelewa kwa nini. Sasa naelewa. Kwa hiyo naomba neno moja, msilione kuwa ni ujeuri. Msinichague kwa ajili yake, wala msiniache kwa ajili yake. Nikishindwa, nishindwe mimi.

Ni mimi,
Nguma wa Kaviha


Mikindani
28 Aprili 1946

Shemeji yangu Chengo,

Jana tuliamua. Nakuandikia leo baada ya ibada, kabla kijana hajakufikia na maneno yake, maana atapunguza.

Odhiambo alimpa mipira kumi kutoka hatua ishirini. Sita iliingia. Mmoja ulimpita golikipa akiwa bado anajitayarisha. Mmoja ulikwenda juu sana, ukagonga baiskeli ya Odhiambo mwenyewe aliyoiegemeza nyuma, nayo ikaanguka na kengele yake ikalia. Odhiambo akashika kichwa, "Mungu wangu, baiskeli yangu! Mzee Gona, nani alimwudhi huyu mtoto?" Kisha akamwendea kijana, akamshika bega, akamwambia arudie uleule, ila ainamie mpira kidogo asiulalie nyuma.

Sikufichi, kasoro zipo. Mguu wa kushoto ni wa kutembelea tu. Akiharakishwa bado anasita, nilimwona mara mbili akitazama nyuma ya goli. Itachukua mwaka. Lakini anavyouona uwanja, hilo huwezi kumfundisha mtu kwa mwaka, wala kwa kumi. Nilisema hivyo mbele ya Bwana mkubwa, na nilipima kila neno kabla ya kulitoa, nikijiuliza kama ni la Nguma au la Katana. Naamini yalikuwa ya Nguma. Odhiambo akasema, "Andika jina lake." Kamau naye amepata gari la kuendesha hapohapo karakana, amefurahi, anasema goti linapenda kukaa.

Kisha Bwana mkubwa akauliza kijana atalala wapi.

Shemeji, chumba kilikuwa tayari. Dhahabu alikuwa ametandika mkeka mpya, ameweka na mtungi wa maji penye dirisha. Neno Mikindani lilikuwa mdomoni mwangu. Nilimtazama Nguma, amesimama pale na miguu yake ya vumbi, angalikubali. Angalikubali kila kitu, ndivyo alivyofunzwa. Angalikaa kwetu, angalirudi mapema kila jioni ili mama asingoje, asingecheza siku ya mvua, asingekwenda mbali. Tungalimpaka samli.

Nikasema, "Alale kwenye nyumba za kampuni, na wachezaji wenzake."

Nilitembea kwa miguu kutoka Changamwe, polepole, nikipanga namna ya kumwambia dada yako. Sikupata namna. Nilimwambia tu. Alisimama mlangoni, akasema, "Umefanya sawa," akaingia jikoni, na huko jikoni hakukuwa na moto wala chungu. Nikamwacha.

Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akakaa karibu nami.

"Hata Jumapili hatakuja kula?"

"Nimemwambia aje akitaka."

"Ulimwambia vizuri? Au ulimwambia kwa sauti yako hiyo ya kanisani?"

"Vizuri."

Akakunja na kukunjua pindo la leso. "Ulimwambia mara ngapi?"

Nikakiri kwamba nilimwambia mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa amekwisha kufika barabarani.

Wako shemeji,
Gona